Chuma, Kibiriti na Maji ya Mutuini

Nawaambia mimi mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine: leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, mbele ya kanisa zima, tena nikiwa nimevaa viatu vipya. (Sasa ni kiatu. Nitafika hapo.)

Mnaonijua mnajua sipendi upuzi. Nina kiduka changu River Road hapa Nairobi, ghorofa ya pili, mlango unatazamana na fundi wa saa. Napiga picha, nachapisha, natengeneza fremu. Na kila siku ya Mungu naletewa vituko. Mtu amepiga harusi ya dada yake kwa simu iliyopasuka kioo, anataka nimchapishie kubwa kama mlango, kisha ananiuliza mbona bibi harusi anakaa kama amemwagiwa uji. Huwa simjibu. Namwangalia tu mpaka akumbuke ana mahali anaenda.

Sasa kuna mteja wangu anaitwa Mama Ndinda. Ni mama wa Kikamba, anafanya kazi ofisi ya serikali hapo mjini, na huongea polepole kama anasoma taarifa ya habari. Huko Mutuini kanisani kwao yeye ni mwenyekiti wa kamati ya picha na sauti. (Kamati ya picha na sauti, kumbuka. Kanisa lina maikrofoni mbili, na moja haiongei mpaka ipigwe kofi.) Alhamisi alikuja dukani na kiondo kizito, akakiweka juu ya meza yangu.

"Dada Nafula, kanisa linataka kununua kamera. Tumepata mbili za mtumba, muuzaji ametuachia tujaribu mpaka Jumatatu. Hatujui tuchukue gani."

Nikazitoa. Zote ni zile za zamani zenye kioo ndani, ukibonyeza zinalia klak na mtu wa mbali anageuka. Nilijua jibu hata kabla Mama Ndinda hajakaa.

Ya kwanza ni nzito, mwili wa chuma, mpira wa kushikia umebanduka kwa kona. Nikaiita Chuma papo hapo. Chuma ina jicho pana huko ndani, unaweza kumweka mtu kivulini bila taa na ngozi yake itoke kama ngozi, siyo kama plastiki. Video haina. Lenzi yake haivuti, ukimtaka mtu karibu unatembea unamfuata, ukimtaka mbali unarudi nyuma. Na haina haraka na mtu. Inapiga picha, inatafakari, ndipo inapiga nyingine.

Ya pili ni nyepesi, ya plastiki, ukiitikisa inalia ndani kama imewekwa mahindi. Hiyo nikaiita Kibiriti. Lenzi yake inavuta mbele na nyuma, video inachukua, na ukishikilia kitufe inafyatua picha mfululizo, tatatata, mpaka unafikiri ni cherehani. Lakini hebu ipeleke mahali penye giza kidogo. Picha inajaa chenga, uso wa mtu unatoka kama ugali ulioepuliwa mapema.

"Mama Ndinda," nikamwambia, "hii ni kamera. Na hii nyingine ni kitu cha kumpa mtoto asilie."

"Lakini kamati ilikuwa inapenda hiyo ndogo. Inavuta."

"Kuvuta ni mambo ya watu wavivu. Mpiga picha ana miguu."

Akakunja mdomo wa kiondo chake. Nikadhani nimemmaliza. Kumbe alikuwa anapanga maneno yake.

"Basi njoo Jumamosi. Tuna ubatizo. Mama yangu mzazi anabatizwa. Uzijaribu zote mbili hapo, utuambie."

Ningekataa. Jumamosi ni siku yangu ya kupiga picha za harusi. Lakini nilitaka kamati nzima inione nikiizika ile Kibiriti, nikakubali. Nikamwambia hata asilete mtu mwingine wa kupiga picha, atanipotezea wakati.

Leo asubuhi nikatoka kwangu Kabiria na boda, nimevaa vizuri, suruali nyeusi na vile viatu vipya. (Mbona nilivaa viatu vipya kwenda kwa maji? Msiniulize. Nilikuwa naenda kama mtaalamu.) Nikapata kanisa la mabati, uwanja umefagiliwa, na nyuma yake tangi la simiti lililochimbwa ardhini, refu kama gari la mizigo. Maji yamejaa. Siku za kawaida hulifunika kwa mbao ili mbuzi wa jirani wasiingie. Leo mbao zilikuwa zimetolewa, ikabaki moja imelala katikati, kutoka ukingo huu mpaka ule.

Niseme ukweli, mambo haya ya kuzamisha watu mimi huyaona ni mbwembwe. Kwetu magharibi, kanisa letu, unanyunyiziwa. Matone kwa paji la uso, unaitwa jina, mtoto analia, watu wanaenda kula kuku. Sasa hawa wenzetu lazima mtu mzima atiwe ndani mwili wote kama blanketi kwenye beseni. Nilisimama hapo nikiangalia lile tangi na kucheka rohoni.

Mama Ndinda akanipeleka kwa mama yake, ambaye wote humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Tulimkuta chini ya paa la jikoni la kanisa, amekaa kwa kiti cha plastiki, kanzu nyeupe, kitambaa cheupe kichwani. Mdogo hivi. Mikono ameifunga pamoja kwa magoti.

"Habari ya asubuhi, Susu."

"Mzuri. Wewe ndiye wa picha?"

"Ndiye mimi."

"Kaa hapa nikwambie."

Nikachuchumaa. Akaniambia bila kuzunguka. Kwao Ukambani kuna mto wa mchanga, ule mnaovuka kwa miguu mwaka mzima hamuoni hata tone. Akiwa msichana alikuwa katikati ya mchanga huo akichimba maji ya kunywa, na mto ukaja. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, wao hawakujua. Ulimbeba. Walimtoa mbali sana, wakimdhani ni mzigo wa nguo. Tangu siku hiyo Susu haogi ila kwa beseni dogo, na mvua ikipiga mabati anahamia kitanda cha mtoto wake. Kanisa limembembeleza abatizwe tangu Mama Ndinda yuko shule.

"Mwaka huu nimesema sawa," akasema. "Lakini nataka picha. Moja tu. Sitaki nikiingia, kuingia hata mbwa huingia. Nataka nikitoka. Niitundike mahali nitaiona nikiamka, nijue nilitoka. Na sirudi humo mara mbili. Ukikosa, umekosa."

"Susu," nikamwambia, "mimi sikosi."

Nilisema hivyo. Sauti yangu bado naisikia.

Nikamchukua picha hapo hapo na Chuma, amekaa kivulini. Jamani. Uso wote, kila kunyanzi, macho yenye maji kidogo, kile kitambaa cheupe, na nyuma yake giza laini la jiko. Nikamwonyesha Mama Ndinda kwa kioo cha nyuma.

"Umeona? Hii ndiyo tofauti."

"Ni nzuri kweli," akasema.

"Kibiriti ingekupatia nini hapa? Chenga."

Nilivyojisikia mkubwa, nikachukua Kibiriti nikampa yeye mwenyewe aishike, mtu ambaye hajawahi kushika kamera maishani. Nilikuwa na hesabu yangu. Nilitaka picha zake ziharibike vizuri, nizionyeshe kwa kamati zikiwa kando ya zangu. Nikamweka pembeni mwa tangi, upande wa jua.

"Nifanye nini?"

"Bonyeza hapa. Usiachilie."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, Mama. Hiyo kamera haihitaji akili."

Ubatizo ukaanza. Pasta akashuka ngazi za tangi akiwa na kanzu nyeusi, maji yakamfika kifuani. Wa kwanza alikuwa jamaa mmoja wa kuchomelea vyuma, kifua kipana. Kwaya ikaimba. Pasta akamshika mgongo, akasema maneno yake, akamlaza nyuma, maji yakamfunika, akamwinua. Mimi nikabonyeza. Klak. Chuma ikatafakari. Klak.

Nikaangalia. Picha ya kwanza, kiwiko cha Pasta. Ya pili, jamaa ameshatoka, anajipangusa kamasi.

Sasa hapa lazima muelewe kazi yetu. Sisi watu wa picha za shughuli tumeharibu watu wa Nairobi. Harusini keki hukatwa tena na tena mpaka mimi nitosheke. Pete huvuliwa ikavishwa upya. Nimewahi kumwambia mama mzazi, shikilia hayo machozi hapo nibadilishe batri, na akashikilia. Mdomo wangu umezoea. Ukafunguka wenyewe.

"Pasta, turudie hapo kidogo."

Kwaya ikanyamaza. Pasta akanigeukia, ndevu zinatiririka maji.

"Turudie nini, dada?"

"Hapo kwa kuzama. Sikupata vizuri."

"Hapa hakuna kurudia. Huyu ameshazikwa na ameshafufuka."

"Mimi niko sawa kurudi," yule jamaa wa vyuma akasema.

"Wewe toka," Pasta akamwambia.

Watu wakaanza kuguna. Mama mmoja wa kofia akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, na nyinyi mnajua ule mtazamo. Nikajifanya napangusa lenzi.

Wa pili nikakosa. Wa tatu nikapata masikio. Na wakati huo wote, upande ule wa jua, tatatata, tatatata, Mama Ndinda amekandamiza kitufe kama mtu anayebisha mlango wa choo. Kelele hiyo ilikuwa inaniingia kwa meno.

"Mama Ndinda, utajaza kadi."

"Si ulisema nisiachilie?"

Shida yangu niliijua, na haikuwa mimi (hivyo ndivyo nilivyojiambia). Shida ilikuwa mahali pa kusimama. Kutoka ukingoni Pasta alikuwa ananizibia. Nilitaka nimwone Susu uso kwa uso anapotoka. Na kulikuwa na ile mbao iliyolala katikati ya tangi. Nikapanda.

"Dada, hiyo mbao ni ya kufunikia tu," mhudumu mmoja mwenye utepe wa manjano akaniambia.

"Nimesimama mahali pabaya kuliko hapa."

Mbao ikashuka kidogo, ikatulia. Nikatembea mpaka katikati. Mbele yangu Pasta na ngazi, nyuma yangu upande wa maji marefu. Pembeni, Mama Ndinda na cherehani yake. Mahali pazuri sana. Hata nilishangaa mbona sikupapanda mapema.

Susu akaletwa. Akasimama kwa ngazi ya juu, akaangalia maji, akageuka arudi. Mama Ndinda akaacha kitufe. Kwaya ikaimba chini chini. Pasta akamnyooshea mikono yote miwili. Na Susu akashuka, na tatatata ikaanza tena. Ngazi moja, anasimama. Ngazi nyingine, anasimama. Maji yalipomfika kiunoni alimkamata Pasta kwa kola ya kanzu, akafumba macho.

Hapo nikasahau kamati. Nawaambia kweli, kiburi chote kiliniisha kwa dakika hiyo, nikawa nataka tu ile picha ya yule mama mzee. 

Pasta akasema maneno. Susu akaenda chini. Maji yakajifunga juu yake, na kitambaa chake cheupe kikaelea. Kisha akatoka. Akatoka mdomo wazi, akivuta hewa, uso umenielekea moja kwa moja, kope ndiyo zinaanza kufunguka. Nilikuwa nimemshika katikati kabisa. Nikabonyeza, na sijui kwa nini, furaha labda, Susu akarusha mikono yote miwili juu, mikono ikatoka nje ya picha.

Nilihitaji nafasi kidogo tu. Na lenzi ya Chuma haivuti.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Mbao ya kufunikia tangi si pana, jamani. Ni mbao ya upana wa kiatu na nusu. Kisigino kilitafuta mahali pa kukanyaga, kikakosa, kikaendelea kutafuta. Nikaona mbingu. Nikaona viatu vyangu vipya viko juu yangu, na kimoja kikinitoka. Kitu pekee nilichokumbuka ni kwamba kamera si yangu. Nikaenda chini mzima mzima, kichwa, mabega, suruali ya kitaalamu, kila kitu, isipokuwa mkono wa kulia, ambao ulibaki juu ya maji umeishika Chuma.

Huko chini ni kimya. Nilitamani nikae.

Niliposimama, maji yananitoka puani, watu wote walikuwa kimya pia. Kanisa zima. Isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa anacheka. Siyo kucheka kwa adabu, ni kucheka kwa mtu aliyeshikwa mbavu. Alikuwa Susu. Yuko ndani ya maji mpaka kifuani, ameachilia kola ya Pasta, anapiga maji kwa viganja na kucheka.

Na ile kwaya, kwa sababu wamefundishwa mtu akitoka majini waimbe, wakaimba.

Nikakokota miguu mpaka kwa ngazi, mkono bado uko juu. Yule mhudumu wa utepe wa manjano alikuwa ananingoja na taulo. Akanifunga nayo mabegani kwa upendo mwingi.

"Pongezi, dada."

"Mimi sikuwa wa kubatizwa."

"Wengi husema hivyo."

Nikafungua mdomo nimjibu, Susu akanitangulia. Alikuwa ameshikwa mkono na Mama Ndinda, anapanda ngazi bila wasiwasi wowote.

"Pasta," akasema, "huyu mkono wake haukuingia."

Pasta akaniangalia mkono. Akaufikiria kwa makini, kama mtu anayefanya kazi yake.

"Huo tutauombea," akasema.

Wakanivika leso ya mtu na kanzu ya kwaya, wakanikalisha benchi moja na waliobatizwa, kati ya jamaa wa vyuma na Susu. Nikapewa chai na mkate. Watu wakapita kwa mstari wakitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, wote, na mimi pia nikasalimiwa. Yule mama wa kofia akanikumbatia.  Nikanywa chai. (Kiatu kiko chini ya tangi. Watanipigia Jumatatu wakimwaga maji.)

Baada ya hapo kamati ikaingia ofisini kwa Pasta kuangalia picha kwa kompyuta. Nikaingia nao na ile kanzu ya kwaya, kwa sababu bado nilikuwa na tumaini moja. Nikaweka kwanza ile ya Susu kivulini. Vichwa vyote vikainama mbele. Hata changu.

Susu akasogea karibu na kioo.

"Huyu amefiwa na nani?"

"Ni wewe, Susu."

"Naona ni mimi. Nauliza nani amekufa."

Mama Ndinda akakohoa. Tukaenda kwa zile za maji. Chuma ilikuwa imenipatia kiwiko cha Pasta, masikio, Susu ambaye mikono yake imekatwa na kope zimeshuka nusu, na ya mwisho, mawingu na ncha ya kiatu. Mwenye kompyuta akazipitisha haraka haraka. Ningependelea wangecheka.

Wakaweka kadi ya Kibiriti. Picha zikafuatana, nyingi, nyingi mno, nyingine za kidole cha Mama Ndinda. Lakini ilikuwa jua kali, na kwa jua kali hata takataka huona. Hapa Susu anashuka. Hapa yuko chini, kitambaa kinaelea. Hapa anatoka. Na mwanamke huyu, kwa kuwa hata hakujua kwamba lenzi ya Kibiriti inavuta, alikuwa ameiacha wazi mpaka mwisho, tangi lote limeingia kutoka ukuta huu hadi ule. Kwa hivyo mimi pia niko. Hapa nimesimama kwa mbao. Hapa narudi nyuma. Hapa kisigino kinatafuta. Kila hatua ya aibu yangu imeshikwa sawasawa, haikuruka hata moja.

"Simama hapo," Susu akasema.

Picha yenyewe ni hii. Kushoto, Susu ametoka majini, mikono juu, uso umegeuka nusu, mdomo wote wazi, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Matone yamesimama hewani yamezunguka kichwa chake. Kulia, miguu yangu. Miwili, imenyooka kwenda mbinguni, mmoja bila kiatu. Na kando ya miguu, mkono umeshika kamera.

"Hii ndiyo yangu."

"Susu," nikasema kwa sauti nzuri, "hiyo nitaikata hapa kulia, ubaki wewe peke yako. Itakuwa safi sana."

"Ukate nini?"

"Hiyo miguu."

Akanigeukia. Ananifika kwa bega, lakini nilijiona mdogo.

"Nilipokuwa huko chini nilijua ni ule mto. Nilijua nimekufa tena. Nikatoka, na kitu cha kwanza macho yangu yaliona ni miguu yako. Nikasema, aa, kumbe siyo mimi, ni huyu." Akagusa kioo kwa kidole. "Usikate hata ukucha."

Bado nikajaribu. Kazi yangu ni kazi yangu. Nikawaambia kamati, kwa heshima zote, kwamba kama wanataka sura za watu, picha ya mtu ametulia, picha ya kuheshimika, wachukue Chuma. Kama wanataka mambo ya kukimbiakimbia, watoto, kwaya inaruka, maji, basi, shingo upande, Kibiriti.

"Sasa sisi kanisa letu," Mama Ndinda akauliza kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari, "lina watu wametulia?"

Nje kwaya ilikuwa bado inaruka. Wakachukua Kibiriti. Chuma inarudishwa kwa muuzaji, kavu. Hilo angalau muandike.

Nimerudi nyumbani na kanzu ya kwaya na kiatu kimoja mkononi. Mtu wa boda hakuniuliza chochote, na nilimpenda kwa hilo. Kufika tu, simu. Mama yangu, kutoka nyumbani magharibi. Kuna mtu ameshamtumia video yangu nikitoka majini. Mama aliuliza swali moja tu.

"Kwani maji yetu yalikuwa kidogo?"

Akakata.

Sasa kazi ya kuchapisha nimepewa nani? Mimi. Mama Ndinda amesema kanisa zima linajua kwamba fremu nzuri ni za Nafula wa River Road. Susu ameitaka kubwa, upana wa kitanda, na Jumanne anakuja mwenyewe dukani, aone kama miguu iko yote. Nimekaa na hiyo picha kwa kompyuta tangu nitoke kuoga, nikiitafutia kosa. Mwanga ni mzuri. Maji ni mazuri. Furaha ya yule mama mzee sijawahi kuipata na kamera yoyote, na nimejaribu. Hilo ndilo linaniuma zaidi ya maji ya puani.

Kwa hivyo Jumanne msipite dukani kwangu, tafadhali. Na ukilazimika kupita, usicheke mbele ya fremu hiyo: hiyo ni miguu iliyomtoa mtu majini, hata kama haikukusudia, na mwenye nayo yuko hapo kwa kaunta anakutazama.